Kupanga huduma za jamii: maana yake kijiji kinapogeuka mji

Tanzania ina miji mingi iliyoanza kama kijiji cha njia panda. Mabasi yalianza kusimama, mama lishe wakafuata, likaja duka la pembejeo, fundi pikipiki, kisha nyumba za kupanga. Makambako, pale barabara ya Songea inapoiacha ile ya Mbeya, ni mji wa namna hiyo. Tunduma umekuzwa na mpaka wa Zambia. Watu huhamia kwanza, na maswali ya maji, shule na choo cha stendi huja baadaye.

Kupanga huduma za jamii ni kuyatanguliza maswali hayo: kukadiria watu watakuwa wangapi, watahitaji nini, wapi na lini, kisha kutenga ardhi na fedha kabla mahitaji hayajafika. Huduma zenyewe tunazijua: shule, zahanati, maji, soko, stendi, barabara za mitaa, uwanja wa michezo, machinjio, dampo, makaburi.

Hesabu huanza na watu. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, idadi ya Watanzania iliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Tuseme kijiji kina watu 6,000 na kinakua kwa kasi hiyohiyo. Baada ya miaka 10 watakuwa 8,200 na ushee. Kwa kuwa Sera ya Maji ya 2002 ililenga kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, vituo 24 vya leo vitatakiwa kuwa 33. Mji wa njia panda hukua haraka zaidi, maana hupokea wahamiaji. Ukianza na watu haohao 6,000 na kukua kwa asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka hiyohiyo 10 utakuwa na watu zaidi ya 10,700, na vituo vitakavyohitajika ni 43. Anayepanga kwa idadi ya leo anajenga upungufu wa kesho, na mzigo wake utabebwa kichwani na akina mama na mabinti.

Idadi peke yake haitoshi, kwani umbali nao ni kipimo. Sera hiyohiyo ilitaka maji yapatikane ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kwa hiyo vituo 33 vilivyorundikana karibu na barabara kuu havimsaidii mtu wa kitongoji cha mbali, hata kama hesabu ya jumla inaonekana imetimia. Shule ni vivyo hivyo. Kiwango cha darasa la msingi ni wanafunzi 45, lakini mtoto wa darasa la kwanza asiyeweza kuvuka mto wakati wa masika hana shule, hata kama dawati lake lipo.

Sehemu inayoniuma zaidi ni ardhi. Fedha ikikosekana mwaka huu inaweza kupatikana mwaka ujao. Kiwanja cha shule kikishauzwa vipande vipande hakirudi ila kwa fidia, na fidia hiyo mara nyingi huishinda halmashauri changa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi ya watu binafsi, na ile ya akiba ambayo bado haijagawiwa. Hiyo ya akiba ndiyo huliwa kwanza mji unapochangamka. Leo unaambiwa pale ni pori tu, kesho kuna msingi wa nyumba, keshokutwa duka la vifaa vya ujenzi. Baadaye huja urasimishaji: nyumba zinapimwa zilipo, wakazi wanapata hati, jambo jema kwao, ila mpimaji hawezi kupima uwanja wa michezo ambao haupo.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba jengo na huduma ni vitu viwili. Nchini tumezoea neno boma: kuta za zahanati au za darasa zilizoinuliwa kwa nguvu za wananchi, zikisubiri paa. Watu wamechanga matofali, wamesomba mchanga na maji, kisha boma linakaa mpaka nyasi zinaota ndani. Mpango uliokamilika huuliza tangu mwanzo nani ataezeka, muuguzi atalala wapi, dawa zitatoka bajeti gani, na pampu ikiharibika nani atalipa. Kama majibu hayapo, afadhali kuanza na kitu kidogo kitakachofanya kazi.

Maamuzi haya hayapaswi kuachiwa afisa mipango miji peke yake. Kijijini chombo chake ni mkutano mkuu, ambao kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria. Hapo ndipo wakazi wa kitongoji cha mbali wanapaswa kusema mto hujaa mwezi gani, na mama mjamzito hupitishwa wapi usiku. Mchoro wa ofisini hauyajui hayo.

Mkikaa kwenye mkutano huo, msiishie kwenye shule na zahanati ambazo kila mtu anazitaka karibu. Ulizeni pia dampo litakaa wapi, maji machafu ya machinjio yataelekea wapi, na makaburi yakijaa tutazika wapi. Eneo likishakubaliwa, liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, liingie kwenye mchoro, liwekewe mawe ya mipaka na kupandwa miti pembeni, ili hata mgeni aliyefika jana aone kwamba pale pana mwenyewe.