Je, wajua kwa nini filamu mashuhuri ya zombi haina mwenyewe?

Night of the Living Dead ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Pittsburgh, Marekani, tarehe 1 Oktoba 1968. Mwongozaji George Romero na wenzake waliitengeneza kwa takriban dola 114,000. Walipigia picha kwenye nyumba ya shambani iliyokuwa ikingoja kubomolewa, hivyo wakavunja vioo na kupigilia mbao madirishani bila kuogopa mwenye nyumba. Damu ilikuwa shira ya chokoleti, maana katika picha nyeusi na nyeupe jicho haliwezi kuitofautisha. Hata wale zombi, maiti waliofufuka wanaotafuna nyama ya watu, walikuwa wakila paja la nguruwe lililookwa, likamwagiwa shira hiyohiyo.

Filamu ilimfikia msambazaji, kampuni ya Walter Reade, ikiitwa Night of the Flesh Eaters. Jina hilo lilikaribiana mno na la filamu nyingine iliyotangulia, ikabidi libadilishwe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tamko la hakimiliki, yaani mwaka na jina la mwenye kazi, lilikuwa limeandikwa kwenye picha ileile yenye jina la filamu. Picha ya zamani ilipotolewa na mpya kuwekwa, tamko nalo likaenda, wala hakuna aliyelirudisha.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1909, iliyotumika wakati huo, haikusamehe: kazi ikitolewa bila tamko hilo, ulinzi wake umekwisha, ni mali ya umma. Sharti hilo lilikuja kuondolewa mwaka 1989, wakati huo mambo yamekwishaharibika.

Basi kila mwenye sinema, kituo cha televisheni au duka la kanda aliweza kuinakili na kuiuza. Watu waliotoka jasho hawakupata haki yao, na hilo linaniuma kila nikiitazama. Lakini kwa mlango huohuo maiti wa Romero walienea dunia nzima. Kabla yake, zombi wa hadithi za Haiti alikuwa mtumwa wa mchawi, ndugu wa msukule wetu. Hawa wa Romero hawatumwi na mtu, wanakula watu, na ndio tunaowajua leo, ingawa ndani ya filamu neno zombi halitamkwi hata mara moja.

Inapatikana mtandaoni, dakika 96, bure. Tafuta nakala ya zamani. Gari linakwenda makaburini, jina linatokea. Tazama chini yake: hakuna mwaka, hakuna jina la mwenye kazi.