Mpigaji namba moja: penalti ni ya kocha au ya nahodha?

Kwenye kibanda umiza cha Manzese, penalti ikitolewa husikika maswali mawili. La kwanza ni kama ilikuwa halali. La pili huja mpira ukishapaa juu ya mtambaa wa panya: "Nani kamtuma huyu?" Hata muuza kahawa husimama na birika lake kusubiri jibu. Kuna watakaomtupia lawama kocha, kuna watakaosema nahodha alitakiwa kuunyakua mpira, na hakosekani mzee wa kukumbusha kwamba enzi zao aliyejiamini ndiye aliyepiga, basi.

Ugomvi huo unahusu kile kinachoitwa mpigaji namba moja. Huyu ni mchezaji ambaye timu imeshakubaliana, kabla hata basi halijafika uwanjani, kwamba penalti ikipatikana ndani ya mchezo ni yake. Nyuma yake yupo namba mbili, maana namba moja anaweza kuwa ametolewa, ameumia au amekula kadi nyekundu. Orodha hiyo hutoka benchi la ufundi, na sababu yake ni rahisi: kocha ndiye anayewaona wote wakipiga mazoezini wiki nzima, anajua nani hupiga upande mmoja siku zote na nani hubadilisha, na anajua kipa wa Jumamosi hupenda kuruka wapi.

Usichanganye na matuta. Matuta, yaani mikwaju ya mwisho wa mechi, yanataka watu watano kwa kuanzia, na yana mambo yake. Nitayafikia.

Sheria za soka zenyewe hazimtaji kocha wala nahodha kwenye suala la nani apige. Sheria ya 14, ile ya penalti, inataka tu mpigaji atambulike waziwazi kabla ya filimbi. Mwamuzi anataka kumjua anayepiga, aliyemtuma hayamhusu. Mwenzake akichomoka na kupiga badala ya aliyetambulishwa, anakula kadi ya njano na wapinzani wanapewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Na Sheria ya 3 inasema nahodha hana hadhi maalumu wala upendeleo. Ana kiasi fulani cha wajibu juu ya mwenendo wa timu yake. Ukikisoma hicho kifungu ndipo unaona kitambaa cha unahodha mkononi kina nguvu ndogo kuliko tunavyodhani.

Nadhani lugha yetu ndiyo inayotuponza kidogo. Nahodha ni neno la baharini. Nahodha wa jahazi akishatweka tanga kutoka Dar kwenda Unguja, kauli yake ndiyo kauli, na mwenye chombo akiwa nchi kavu hana la kufanya hadi kirudi. Nahodha wa mpira hana bahati hiyo. Mwenye chombo amesimama pale pale ukingoni mwa maji, kavaa suti ya michezo, anapiga kelele dakika tisini. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na penalti ni mahali ambapo mrama huo huonekana kwa macho.

Ulionekana Paris mwezi Septemba 2017. PSG wanacheza na Lyon, penalti inapatikana, Neymar na Edinson Cavani wote wanaitaka. Cavani alipiga, kipa Anthony Lopes akaupangua mpira ukagonga mwamba. PSG walishinda 2-0 siku hiyo, tena kwa mabao mawili ya kujifunga ya Lyon, lakini kilichobaki vinywani mwa watu ni ule mvutano. Kocha Unai Emery alisema wachezaji hao wayamalize wenyewe, na wakishindwa ataamua yeye. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa hapo, kwamba neno la kocha lilikuja baada ya mpigo. Kocha asipotaja jina mapema, ameshaamua tayari: ameamua kwamba atakayepiga ni mwenye ubavu zaidi.

Sasa linganisha na Chelsea dhidi ya Everton, Aprili 15, 2024, pale Stamford Bridge. Chelsea wanaongoza 4-0, Cole Palmer ana mabao matatu tayari, penalti inapatikana. Noni Madueke kaushika mpira hataki kuuachia, Nicolas Jackson naye anautaka. Conor Gallagher, aliyevaa kitambaa siku hiyo, akaenda kuuchukua mpira kwa Madueke, akampa Palmer. Palmer akafunga, na mechi ikaisha 6-0. Kocha Mauricio Pochettino baadaye aliwaka kweli, akasisitiza kwamba mpigaji ni Palmer na hilo lilikuwa linajulikana. Kilichonivutia ni kazi ya Gallagher. Hakuchagua mtu. Alikuwa analinda jina ambalo lilishachaguliwa. Nikiulizwa nahodha ana kazi gani kwenye penalti, nitajibu ni hiyo: kocha anataja jina, nahodha anahakikisha mpira unamfikia mwenye jina.

Mimi nililijua hilo kwa njia ngumu, kwenye ndondo, soka letu la mtaani, uwanja wa vumbi upande wa Temeke ambako alama ya penalti ilikuwa kopo la chokaa lililomwagwa asubuhi na kufutwa na upepo saa tisa. Nilikuwa nimevaa kitambaa, na kwa haki kabisa kilikuwa soksi iliyokatwa. Dakika ya sabini na kitu tukapata penalti, tuko 1-1. Mwalimu, yaani kocha wetu, anapaza sauti kutoka pembeni, "Dogo apige! Dogo!" Mimi nikamwangalia dogo, nikaona macho yake yapo chini na anachezea kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nikampa beki wetu wa kati, mtu mzima, mwenye guu. Akaupaisha hadi kwenye paa la banda la chipsi nyuma ya goli. Baada ya mechi mwalimu hakuniuliza kwa nini beki amekosa. Aliniuliza, "Nahodha, dogo alikwambia hataki?" Nikakaa kimya. Sikuwa nimemuuliza.

Kukosa hukosa yeyote, ila mimi nilivuruga utaratibu kwa kusoma macho ya mtu badala ya kumwuliza. Orodha nzuri ina mlango wa kutokea. Mpigaji namba moja anaweza kuwa na msuli unaovuta, au ameshakosa moja siku hiyo na moyo umelowa. Akisema "leo sijisikii", nahodha hapaswi kumlazimisha wala kuanza mnada. Anakwenda kwa namba mbili. Kocha aliye mita hamsini hawezi kuyaona hayo, nahodha anayaona. Hapo ndipo sauti ya uwanjani inapaswa kushinda ya benchi, na ni hapo tu.

Turudi kwenye matuta. Huku kocha ana nafasi ambayo hana ndani ya mchezo: wachezaji wamekusanyika mbele yake, karatasi iko mkononi, anaweza kumtazama kila mmoja usoni. Nahodha anakwenda kwenye shilingi. Mwamuzi huirusha mara mbili, ya kwanza kuamua goli litakalotumika, ya pili ili timu inayoshinda ichague kupiga kwanza au pili, na uchaguzi huo ndio uamuzi pekee ambao kwa kawaida humwangukia mwenye kitambaa. Mpangilio wa wapigaji hata mwamuzi haambiwi. Ni siri ya timu.

Mpangilio huo unaweza kumgeuka mpangaji. Kwenye fainali ya AFCON iliyochezwa Yaoundé Februari 2022, Mohamed Salah, nahodha wa Misri, aliwekwa wa tano. Senegal walimaliza kazi kwa 4-2 kabla zamu yake haijafika, akabaki amesimama katikati ya uwanja. Aliyepiga la mwisho upande wa pili ni Sadio Mané, ambaye alikuwa amekosa penalti mapema kabisa ndani ya mchezo ule ule. Hebu fikiria mtu aliyekosa mwanzoni anapewa tena mpira wa ubingwa mwishoni. Maamuzi kama hayo ndiyo kazi ya ukocha. Gareth Southgate naye, kocha wa England wakati huo, fainali ya Euro Julai 2021 pale Wembley, aliwaingiza Marcus Rashford na Jadon Sancho mwishoni kabisa kwa ajili ya matuta. Rashford akagonga mwamba, Sancho na Bukayo Saka wakapanguliwa, Italia wakashinda 3-2. Southgate alisimama akasema uchaguzi ulikuwa wake. Nampa heshima kwa hilo: aliyeandika majina ndiye aliyebeba lawama, na Saka alikuwa na miaka 19 tu.

Sisi pia tuna kumbukumbu tamu. Aprili 9, 2025, Simba walirudisha mabao mawili ya Al Masry kwa Mkapa, kisha wakashinda matuta 4-1 na kwenda nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Usiku ule hakuna aliyeuliza nani kamtuma nani. Swali hilo huulizwa wakikosa.

Kule Temeke, wiki iliyofuata mwalimu aliandika majina matatu nyuma ya vocha ya simu, akanipa niichomeke ndani ya ile soksi ya mkononi. Juu kabisa lilikuwa la dogo. Nilimfuata kabla ya mechi nikamuuliza kama yupo tayari, akasema, "Nipo, kaka." Tulicheza mechi tatu zaidi hadi tukatolewa, na hatukupata penalti hata moja.