Arbeiderforening si chama cha wafanyakazi

Mei Mosi iliyopita nilikuwa kwenye daladala, redio ya dereva inasikika mpaka barabarani, na mtangazaji anasimulia historia ya sikukuu. Alipofika Ulaya ya kaskazini akasema kwamba Mnorwei mmoja, Marcus Thrane, ndiye aliyeanzisha chama cha wafanyakazi cha nchi yake mwaka 1848, na kwamba chama hicho ndicho kilichokuja kuunda serikali kadhaa za huko. Hakuna abiria aliyeshtuka, na kwa nini washtuke? Mimi nikabaki nanung'unika kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Sentensi hiyo si ngeni kwangu. Nimeisoma kwenye makala, nimeisikia kwa wasomi, na kosa lake ni lilelile kila mara: vitu vitatu vya Kinorwei, arbeiderforening, fagforening na Arbeiderpartiet, vimetiwa kwenye kapu moja lililoandikwa "chama cha wafanyakazi".

Maana kwanza, tuimalize. Arbeiderforening ilikuwa jumuiya ya watu wa hali ya chini wa mji au kijiji fulani cha Norwei, za aina hiyo zikianza kuundwa mwishoni mwa 1848 ili kudai haki za kisiasa na nafuu ya maisha. Haikuwa ya kujadiliana na mwajiri kuhusu mishahara. Haikuwa ya kusimamisha wagombea pia, maana wengi wa wanachama wake hata kura hawakuwa nayo. Basi. Kazi iliyobaki ni kueleza kwa nini jambo dogo hivi linatushinda kila tunapolitia kwenye Kiswahili.

Tatizo linaanzia kwenye neno "mfanyakazi". Ukilipasua, halina hatia: mtu afanyaye kazi. Lakini maneno hatuyatumii kwa kuyapasua. Mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko hatumwiti mfanyakazi. Mkulima anayelima mpaka mgongo ukapinda hatumwiti mfanyakazi. Mfanyakazi kwetu ni mwajiriwa, mwenye barua ya ajira, mshahara wa mwisho wa mwezi na makato yake. Mkulima ni mtu mwingine kabisa, hata alama yake ni nyingine: kwenye bendera ya CCM kuna jembe na kuna nyundo, na kila mtoto wa shule anajua jembe ni la nani na nyundo ni ya nani. Hata sikukuu tumewagawia, huyu Mei Mosi, yule Nane Nane. Kwa hiyo ukisema "chama cha wafanyakazi", sikio la Mswahili linasikia nyundo tu, tena linasikia katibu wa tawi na madai ya nyongeza ya mshahara.

Sasa njoo kwenye arbeider, neno la Kinorwei tunalolifasiri "mfanyakazi". Neno hili Wanorwei walilipata kutoka Kijerumani cha kaskazini, lugha ya wafanyabiashara waliotawala bandari zao kwa karne nyingi, kama sisi tulivyopata maneno yetu ya biashara kwa Waarabu. Na katika Kijerumani cha zamani arbeit ilikuwa taabu, suluba, mateso, kabla haijawa ajira. Binamu yake katika lugha ya kale ya Wanorwei wenyewe, erfiði, naye ni taabu. Arbeider, kwa asili, ni mtu wa suluba. Katikati ya karne ya 19 neno lilikuwa bado pana: fundi viatu asiye na mtaji aliingia humo, mkata magogo wa msimu aliingia, na aliyeingia kwa wingi kuliko tunavyodhani ni husmann.

Husmann! Hapa nina donda jingine. Niliwahi kuona limefasiriwa "mwenye nyumba", kwa kuwa hus ni nyumba na mann ni mtu. Msomaji wa Dar es Salaam akisoma kwamba wenye nyumba wa Norwei waliungana kudai haki, atajiuliza walitaka kodi ya miezi mingapi tena. Ukweli ni kinyume chake. Husmann ni mtu asiye na ardhi aliyepewa kipande kwenye shamba la mkulima mwenye shamba, akajenga kibanda chake hapo, na akalipa kwa siku za kazi. Msimu wa mavuno, siku ambayo shayiri yake mwenyewe iko tayari, ndiyo siku anayoitwa kwenye shamba la bwana. Chake kinasubiri, na mvua haisubiri. Ameitwa mtu wa nyumba kwa sababu nyumba ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho, nayo imesimama kwenye ardhi ya mwingine. Wasomaji wa Kenya watamtambua upesi: ni ndugu wa skwota wa mashamba ya walowezi. Katikati ya karne ile walikuwa karibu 65,000 waliokuwa na kipande cha kulima, na kila mmoja ana mke na watoto nyuma yake.

Katiba ya Norwei ya 1814, ambayo watu huisifu kwa haki kama ya kidemokrasia kuliko nyingi za wakati wake, ilimpa kura mwanamume aliyefika miaka 25 akiwa mtumishi wa serikali, au mkulima mwenye ardhi iliyosajiliwa au aliyeikodi kwa muda mrefu, au mtu wa mjini mwenye leseni ya biashara au mali. Husmann hayumo. Kibarua hayumo. Fundi anayefanya kazi chini ya fundi mwenziwe hayumo. Mstari ule wa katiba ndio uliochora mpaka wa neno arbeider kwa wakati ule: ni wale wote waliobaki nje ya mlango, awe ameshika jembe au nyundo.

Ndipo anapoingia Thrane. Alizaliwa Christiania, Oslo ya leo, mwaka 1817, katika ukoo uliokuwa na fedha ukaanguka. Baba yake, mtunza fedha wa benki, alitiwa hatiani kwa kuchota fedha za benki hiyo Marcus akiwa bado mtoto mdogo. Akakua akijua ladha ya heshima na ladha ya aibu. Alizunguka Ulaya kijana, akarudi, akaoa, akafundisha shule yeye na mkewe Josephine, kisha mwaka 1848 akapewa uhariri wa gazeti la Drammens Adresse. Ulikuwa mwaka wa mapinduzi Ufaransa na Ujerumani, na bei ya mbao, tegemeo la mji wa Drammen, ilikuwa imeanguka. Thrane akaandika alichokiona. Wasomaji wenye uwezo wa kulipia gazeti wakaogopa, wakajitoa, na kabla mwaka haujaisha kiti kikawa si chake tena.

Tarehe 27 Desemba 1848, siku ya tatu ya Krismasi, jumuiya ya kwanza ikaundwa Drammen ikiwa na watu 160 hivi. Mwezi Mei uliofuata likatoka gazeti lao wenyewe. Kufikia 1850 jumuiya zilikuwa zimepita 270, na wanachama zaidi ya 20,000, katika nchi ya watu milioni moja na nusu hivi. Tena nyingi zilikuwa vijijini, mbali na viwanda, ambavyo Norwei ya wakati ule ilikuwa navyo vichache mno. Kama ingekuwa "chama cha wafanyakazi" kwa maana yetu, ingewapata wapi hao watu?

Tazama pia walichoomba. Mwezi Mei 1850 walimpelekea Mfalme Oscar I maombi yenye sahihi karibu 13,000: kura kwa kila mwanamume, jeshi liandikishe watoto wa matajiri na wa maskini kwa usawa, ushuru wa nafaka ya kigeni uondolewe ili mkate ushuke bei, shule za watoto wa maskini ziboreshwe, husmann apate ulinzi. Hakuna mahali palipoandikwa mshahara uwe kiasi gani. Mfalme alikataa. Baadhi ya wanachama wakaanza kusema kwamba maombi yamekwisha kuombwa, sasa ni nguvu. Kule Hønefoss, fundi kofia mmoja aitwaye Halsten Knudsen, mkali kuliko kiongozi wake, alipokamatwa mwaka 1851 wenzake walimkomboa mikononi mwa dola, ikabidi jeshi litumwe. Wanorwei wanakiita kisa hicho vita ya mtengeneza kofia, kwa kicheko kidogo. Waliofungwa hawakucheka.

Thrane alikamatwa Julai 1851. Katika msako huohuo alichukuliwa Theodor Abildgaard, aliyekuwa akiishi nyumba moja na kijana wa miaka 23 ambaye baadaye dunia ilimjua kwa michezo ya kuigiza: Henrik Ibsen. Kesi ilikokotwa hadi 1855, Mahakama Kuu ikawahukumu watu zaidi ya 100, na Thrane, aliyekwisha kukaa mahabusu miaka minne, akaongezewa mingine minne. Na mwaka uleule alipokamatwa bunge lilipitisha sheria kuhusu mahusmann. Wenye mamlaka ndivyo walivyo kila mahali: anayedai unamfunga, anachodai unakitoa nusu.

Akatoka 1858, akajifunza upigaji picha akazunguka na kamera yake kutafuta riziki. Josephine alifariki 1862. Mwishoni mwa 1863 akapanda meli kwenda Marekani na watoto, akawa mpiga picha tena Chicago, akatoa magazeti kwa Kinorwei, akaandika michezo ya jukwaani na kuwatania wachungaji mpaka wakamchoka. Alirudi Norwei kuhutubia 1882, mapokezi yakawa baridi, akaondoka. Alifia Eau Claire, Wisconsin, tarehe 30 Aprili 1890, siku moja kabla ya Mei Mosi ya kwanza kuadhimishwa Ulaya. Hiyo Mei Mosi ambayo redio yetu ilikuwa ikimpamba nayo.

Turudi kwenye maneno, maana bado yapo mawili.

La pili ni fagforening. Hili ndilo chama cha wafanyakazi hasa. Forening ni muungano. Ndani yake mna en, yaani moja, kama sisi tulivyo na "umoja". Fag ni fani, ufundi, na limetoka kwa Wajerumani likiwa na maana ya kijisehemu cha kabati: kila fani na droo yake. Wapiga chapa droo yao, waoka mikate droo yao. Miungano ya fani ilipata shirikisho lake la taifa, LO, mwaka 1899. Ukitaka kuilinganisha na COTU ya Kenya au TUCTA ya Tanzania, mlinganisho umekaa.

La tatu ni Arbeiderpartiet, chama cha siasa. Kilizaliwa Arendal, mji wa bandari kusini, Agosti 1887, wakati Thrane anazeekea ng'ambo ya bahari. Anayestahili kutajwa hapa ni Christian Holtermann Knudsen, mpiga chapa mzaliwa wa Bergen, aliyeanzisha gazeti la Vort Arbeide mwaka 1884 na kulishikilia kwa madeni na usiku wa kukesha hadi likawa sauti ya chama. Alikuja kuingia bungeni mwaka 1906. Kwa hiyo ukitafuta mwanasiasa msoshalisti wa mwanzo wa Norwei kwa maana ya kugombea, kushinda na kukaa kitini, mtazame Holtermann Knudsen, au yule kasisi Alfred Eriksen aliyetangulia kuchaguliwa 1903 kutoka kaskazini. Wanaume wote walipata kura 1898, wanawake 1913. Thrane alikuwa ameiomba kura ya wanaume wote kabla Holtermann Knudsen hajajua kusoma.

Nakiri kuchanganya kwetu kuna kisingizio. Kwa miaka mingi tawi la muungano wa fani liliweza kuwaingiza wanachama wake wote kwenye Arbeiderpartiet kwa mkupuo, utaratibu uliokoma miaka ya 1990 tu. Chama na muungano vilikula sahani moja. Lakini kula sahani moja hakuwafanyi watu wawili kuwa mmoja.

Na wale wanaomwita Thrane "mjamaa", nao wapunguze. Ujamaa umetoka kwenye jamaa, watu wa ukoo, na Mwalimu Nyerere alipolichukua neno mwaka 1962 alikuwa akikataa hasa wazo la tabaka kupambana na tabaka. Thrane aliwasoma Wafaransa waliosema mali ya tajiri ina maswali ya kujibu. Aitwe msoshalisti, neno tunalo na halina ubaya.

Arbeiderforening basi tuiiteje? Mimi huandika "jumuiya ya makabwela". Rafiki yangu mhariri anapenda "umoja wa wavujajasho", nami namwambia linanuka mabango ya miaka ya sabini, ingawa najua kwa asili ya arbeider yeye yuko karibu zaidi kuliko mimi. Lolote kati ya hayo linamruhusu husmann kuingia. Chama cha wafanyakazi tumwachie fagforening, na Arbeiderpartiet tukiite chama cha Leba, kama tunavyokiita cha Uingereza.

Yule mtangazaji simlaumu sana, alisoma alichoandikiwa. Angeweza kusema hivi: mwaka 1848 Marcus Thrane alianzisha jumuiya ya makabwela mjini Drammen, chama cha Leba kilikuja kuzaliwa Arendal mwaka 1887, yeye akiwa Marekani. Ni ndefu kidogo kwa redio, lakini siku ile tulikuwa kwenye foleni, muda ulikuwepo.