Satelaiti inajuaje joto la hewa ya kilomita 100 juu?

Swali tunaloulizwa sana ni hili, satelaiti inapimaje joto la hewa wakati haiigusi? Kumbuka ile mashine ya kupima homa kipindi cha korona, ilikuwa inaelekezwa tu kwenye paji la uso na namba inatokea, ilikuwa inasoma infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, inayotoka mwilini. Satelaiti nayo ni hivyo hivyo, ila yenyewe inasoma gesi.

Chukua SABER, chombo kilichopanda na satelaiti ya TIMED ya NASA Desemba 2001, kwenye kimo cha kama kilomita 625. Hakiangalii chini, kinaangalia ubavuni pale ukingoni mwa dunia, kinapanda na kushuka kusoma tabaka moja moja, kwa hiyo unapata joto la kila kimo. Kila gesi inatoa infraredi yenye urefu wake wa wimbi, kaboni dioksaidi mikroni 15 (mikroni ni sehemu moja ya milioni ya mita), ozoni 9.6, naitriki oksaidi 5.3. Joto tunalipata kwenye kaboni dioksaidi, maana mpaka kama kilomita 80 imechanganyika vizuri na kiasi chake kinajulikana, ikitoa infraredi zaidi basi ujue hewa ni ya moto zaidi. Juu ya hapo hesabu inakuwa ngumu kwa kweli, molekyuli zimekaa mbali mno na zenzake na hazigongani sana. Na detekta yenyewe, yaani kile kihisi kinachopokea infraredi, lazima ipoozwe mpaka karibu nyuzi -200, la sivyo joto lake litaifunika ishara ya gesi.

Njia nyingine za kupima huko ni chache sana, puto halifiki, roketi inapita dakika chache tu, na satelaiti ikishuka kimo hicho inaanguka.

Machi 2012 ilipiga dhoruba ya jua, yaani mlipuko wa nishati na chembe kutoka kwenye jua, ndani ya siku tatu hewa ya juu ikapokea kilowati-saa bilioni 26 za nishati, na SABER ikaonyesha kwamba kaboni dioksaidi na naitriki oksaidi zilirudisha asilimia 95 nje ya dunia, kwenye anga za mbali. Yaani kaboni dioksaidi ile ile inayotupasha joto huku chini, kule juu inapoza, kwa sababu hewa ni nyepesi mno na infraredi inatoka moja kwa moja bila kuzuiwa. Hili watu wengi hawalijui na mimi naona lingefundishwa hata sekondari.

Kaboni dioksaidi inavyozidi kuongezeka, vipimo vya zaidi ya miaka 20 vinaonyesha hewa ya juu inapoa na kusinyaa, na ikisinyaa, vyuma chakavu vinavyozunguka dunia vinakosa hewa ya kuvipunguza mwendo, vinakaa huko miaka mingi zaidi, kwenye njia zile zile tunazorushia satelaiti mpya kila mwaka.