Kuchakaza modeli ya kifaru maana yake nini hasa

Kuchakaza modeli ni ile kazi inayokuja baada ya rangi ya msingi kukauka, unaongeza vumbi, tope, mikwaruzo, kutu, masizi na madoa ya mafuta mpaka kifaru chako cha plastiki kionekane kimetoka kazini. Wengi wanaoanza wanadhani ni kuchafua tu, mtu anachukua brashi anapiga brauni kila kona na rangi ya kutu juu mpaka chini, mwisho wa siku kifaru kinaonekana kama chuma chakavu kinachosubiri kupimwa kilo. Kwenye kuchakaza kila alama ina sababu, yaani mtu akikuuliza hili doa limetokea wapi uwe na jibu la kumpa, na jibu hilo litoke kwenye gari lenyewe: limetengenezwaje, limepita wapi, watu wake walikuwa wanakanyaga wapi.

Tuchukue mfano ambao sisi huku unatuhusu kabisa, Type 59 ya Kichina, kifaru ambacho JWTZ ilikuwa nacho kwenye vita vya Kagera 1978 mpaka 1979. Type 59 ni T-54A ya Wasovieti iliyotengenezwa China, kwahiyo ni ndugu wa damu na zile T-55 za Libya zilizokuja kumsaidia Idi Amin mpaka Lukaya, huko Uganda, mwezi wa 3 1979. Ukijua moja umeshajua zote kwa upande wa kuchakaza, maana mpangilio ni uleule: injini ya dizeli nyuma, ekzosi inatokea kwenye madigadi ya kushoto huku nyuma, na matenki ya nje ya mafuta yamepangwa juu ya madigadi ya kulia.

Hapo tu umeshapata nusu ya kazi. Masizi meusi yanakaa kushoto nyuma, yanapaka ubavu na kufifia kadri unavyokwenda mbali na tundu. Dizeli iliyomwagika wakati wa kujaza inakaa kulia, kuzunguka vile vifuniko vya matenki na kushuka chini kwenye ukingo, na dizeli inashika vumbi kwahiyo doa jipya linang'aa na la zamani linakuwa jeusi lisilo na mng'ao. Ukiweka masizi pande zote mbili umeharibu, hata kama umepaka vizuri namna gani, anayekijua kifaru ataona mara moja. Binafsi naona hapa ndo raha yote ya hobi hii ilipo, unajikuta unasoma picha za zamani na michoro ya injini kwa sababu ya doa dogo tu.

Sasa kuna suala la kipimo, na watu wengi wanaliruka. Modeli nyingi za magari ya deraya ziko kwenye 1/35, kipimo ambacho Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, ilikianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 na modeli yake ya Panther, kifaru cha Kijerumani, ukubwa ukaamuliwa na nafasi ya mota na betri ndani ya bodi. 1/35 maana yake milimita moja kwenye modeli ni sentimita 3.5 kwenye kifaru halisi. Kwahiyo ukichubua rangi kipande cha milimita 3, umesema kuna sehemu ya sentimita 10 na nusu imebanduka rangi, na hicho si kikwaruzo cha buti tena, ni kama kifaru kimekwangua ukuta. Mikwaruzo inatakiwa iwe midogo mno, mingine kama ncha ya sindano. Na rangi yenyewe pia, ukiangalia modeli kwa umbali wa sentimita 30 ni sawa na kuangalia kifaru halisi ukiwa mita 10 na kidogo, na wengi wa hobi hii wanaona rangi ileile ikiwa kwenye kitu kidogo inaonekana nzito zaidi, ndo maana kijani cha jeshi ukikipaka kama kilivyo kwenye kopo kinaonekana cheusi mno, kiongezee njano au rangi ya mchanga kidogo kabla hujaanza.

Mpangilio wa kazi uko hivi. Praima kwanza, yaani rangi ya chini ya kushikisha zinazofuata, halafu rangi ya msingi ya akriliki, kwa airibrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) kama unayo au kwa brashi ya kawaida ukipaka tabaka nyembambanyembamba. Kwenye hatua hii ndipo unapotayarisha kuchubuka kwa rangi, na mbinu inayopendwa sana ni ya spirei ya nywele: unapaka kwanza brauni ya kutu au rangi ya praima ya kiwandani, ikikauka unapuliza spirei ya nywele, juu yake unapaka kijani, halafu unalowesha kijani kwa maji na kusugua taratibu kwa brashi ngumu. Spirei inayeyuka kwenye maji hata ikiwa imekauka, kwahiyo kijani kilicho juu yake kinabanduka vipande vidogovidogo visivyo na mpangilio, kitu ambacho mkono ni vigumu kukichora. Usikawie sana kati ya kupaka na kusugua, kijani kikikomaa hakitoki tena. Baada ya hapo dekali za namba, zile stika nyembamba za kubandika kwa maji, kisha vanishi ya kulinda kila kitu, na vanishi usiiruke kwa sababu hatua zinazofuata zinatumia thina.

Filta na woshi watu wanazichanganya sana. Zote mbili ni rangi ya mafuta iliyoyeyushwa kwa tapentaini isiyo na harufu, ila filta ina rangi kidogo mno, unapaka sehemu nzima ili kijani kibadilike kidogo tu, kielekee brauni au njano kama kilichopigwa na jua. Woshi ni nzito kidogo na haipakwi kila mahali, unagusa tu kuzunguka boliti, kwenye maungio ya chuma, chini ya mishikio, inajivuta yenyewe kwenye mfereji na kuacha kivuli. Halafu unapitisha brashi yenye tapentaini safi kufuta pembeni. Usijaze tapentaini kwenye viungio vya plastiki tupu, inapenya na plastiki inapasuka.

Kutu sasa. Hapa nasema wazi kwamba modeli nyingi zimezidishiwa. Vita vyenyewe vilichukua miezi tu, kifaru kilichokuwa kwenye mapigano hakikupata muda wa kuoza. Bamba nene la deraya likichubuka linashika kutu nyembamba ya juu tu, na mara nyingi unaona rangi ya chuma iliyofifia kuelekea brauni. Kutu yenye rangi kali iweke kwenye bati jembamba la madigadi, hasa pale lilipokunjwa baada ya kugonga mti, na kwenye ekzosi ambako joto linaunguza rangi. Michubuko mingine iko pale watu wanapopanda: ukingo wa vifuniko vya kuingilia, sehemu ya mbele ya bodi, na juu ya madigadi. Ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga ni chuma cha kumiminwa, ina uso wenye mabonde madogo, kwahiyo vumbi linajishika pale kuliko kwenye bodi iliyo laini.

Tope ndo linalosema kifaru kilikuwa wapi. Kutoka Kagera kuingia Uganda kuna barabara za udongo mwekundu, halafu Lukaya barabara inapita katikati ya bwawa lenye mafunjo ambako tope ni jeusi, la kijivu kijivu. Kwahiyo modeli ya mwezi wa 3 1979 inaweza kubeba tope la aina mbili, na lile jekundu lililokauka likae juu, mbali na minyororo, lile jeusi bichi likae chini kwenye magurudumu na minyororo kwa sababu ndilo la karibuni. Tope kavu ni la rangi ya kupauka, bichi ni la kukoza na linang'aa, unalipata kwa vanishi ya kung'aa au gundi ya akriliki iliyochanganywa na unga wa rangi. Kama unga wa rangi wa dukani hupati, saga chaki za pastel ziwe unga, inafanya kazi. Udongo halisi pia unafaa ila uchekeche kwa kitambaa chepesi mara kadhaa, chembe ya mchanga ya milimita moja kwenye kipimo hiki ni jiwe la sentimita 3.5, na ukiliacha linaua ukubwa wa kifaru chote. Ukitaka kujua vumbi linakaaje, simama barabara ya vumbi uangalie tipa la kokoto linavyochafuka: vumbi linajaa sehemu za mlalo na kwenye kona, ubavuni linashuka kwa mistari baada ya mvua.

Minyororo niiache mwisho kama inavyotakiwa kwenye kazi yenyewe. Hii familia ya T-54 haina magurudumu madogo ya kubeba mnyororo kwa juu, mnyororo unalala juu ya magurudumu makubwa yale matano, kwahiyo upinde kwa juu uguse magurudumu kama ulivyo kwenye picha. Paka brauni ya kukoza, tia tope, ikikauka futa sehemu zilizoinuka zinazogusa ardhi, halafu zisugue kwa penseli laini, ya 4B ni nzuri, zitang'aa kama chuma kilichosuguliwa na barabara. Upande wa ndani sugua ile njia ya magurudumu tu pamoja na mbavu za yale meno ya katikati yanayopita kati ya magurudumu. Mpira wa magurudumu usiuguse na penseli kabisa, mpira haung'ai, unapauka na kuliwa pembeni.