Je, wajua kwa nini gitaa la benga, muziki wa dansi wa Wajaluo, hulia kama nyatiti, ala yao ya asili ya nyuzi?

Tafuta wimbo wowote wa Shirati Jazz, usubiri waimbaji wanyamaze. Hapo gitaa la solo hujitokeza likidonoa sauti moja moja kwa kasi, na chini yake besi inarukaruka, haikubali kuwa msindikizaji tu. Mtu aliyekulia Nyanza au Mara hutambua papo hapo kwamba mlio huo ni wa zamani kuliko magitaa ya umeme.

Anayeitwa mfalme wa benga ni Daniel Owino Misiani, au D.O. Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, mkoani Mara, upande wa Tanzania wa nchi ya Wajaluo. Hakuibuni benga peke yake. Vijana wengi wa kando ya Ziwa Victoria walikuwa wakiitafuta njia hiyohiyo miaka ya 1960. Ila ni yeye na bendi yake, Shirati Jazz, wakifanyia kazi zao Kenya, walioifanya isikike mbali kuliko wote.

Jibu la swali letu liko kwenye nyatiti yenyewe. Ni ala ya nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa imelazwa sakafuni mbele yake, na mikono yote miwili hudonoa nyuzi kwa zamu. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, anayoigonga kwenye ukingo wa ala kushika mapigo. Mguuni hufunga njuga. Na wakati wote huo, anaimba! Mtu mmoja anabeba sauti ya juu, sauti ya chini, mapigo na maneno.

Kwa masikio yangu, benga ni mwili huo mmoja uliogawiwa bendi nzima. Solo ilichukua nyuzi nyembamba, besi ikachukua nyuzi nzito, ngoma zikachukua kazi ya mguu. Ndiyo maana besi ya benga ina maneno mengi kuliko besi za miziki mingine mingi: kwenye nyatiti, nyuzi nzito nazo hushiriki mazungumzo. Ndiyo maana pia solo hupenda kurudia alichosema mwimbaji, kifungu kwa kifungu. Kijaluo ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, kwa hiyo gitaa likiifuata sauti ya mwimbaji, msikilizaji karibu asikie maneno.

Nyatiti haikufika kwenye gitaa la umeme kwa hatua moja. Katikati palikuwa na gitaa kavu. Askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili walirudi na magitaa, kisha zikaja santuri na redio. Mwaka 1952 mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco alirekodiwa huko Katanga, kusini mwa Kongo, akiimba Masanga, wimbo wa Kiswahili unaopigwa kwa kidole gumba na cha shahada, na wapiga gitaa wengi wa Afrika Mashariki wakaushika. Udonoaji huo ulifanana na kile ambacho vijana wa ziwani walikuwa wamekwisha kukiona kwa wazee wao. Baadaye rumba ya Kongo ikawafundisha jinsi magitaa mawili matatu yanavyoweza kufumana, na jinsi ya kuacha sehemu ya mwisho ya wimbo iwe ya ala. Benga ilichukua hayo, ikaacha tarumbeta na ule mwendo wa taratibu.

Mbali na vidole, nyatiti ilimwachia mtunzi namna ya kusema. Mpigaji wake ni mwanahistoria na msema mafumbo. Katika desturi iitwayo pakruok, msikilizaji hutoa pesa, wimbo unasimamishwa, naye anajisifu au kumsifu rafiki. Majina ya watu yaliyojaa kwenye nyimbo za benga yanatoka hapo. Misiani naye alisimulia historia na kuficha siasa ndani ya visa vya wanyama. Wakubwa hawakushindwa kufumbua: serikali ya Kenya ilipata kumkamata kwa sababu ya nyimbo zake. Aliendelea kutunga hadi alipofariki katika ajali ya gari Kisumu, Mei 2006.

Kufikia hapo mlio huo ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliupeleka Ukambani na kuuimba pia kwa Kiswahili. Santuri za mfanyabiashara Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, na huko watu wakauita muziki wenyewe kanindo, kwa jina lililoandikwa kwenye lebo. Wapiga gitaa wa huko waliuchanganya na wa kwao, na kutokana na mchanganyiko huo ukakua muziki wa sungura.