Anayepigwa na hajaondoka siyo masokisti, jamani

Jamani hili naomba tulimalize. Kila ikitoka habari ya mke anayepigwa na bado yuko na mumewe, lazima atokee mtu, tena mara nyingi msomi, aandike "huyo ni masokisti tu, anapenda maumivu." Mimi kazi yangu ni saikolojia, hao wanaopigwa ndo nakaa nao, na nimechoka.

Asili ya neno haraka haraka: mwaka 1890 daktari wa akili Richard von Krafft-Ebing alitafuta jina la wanaopata ashiki kwa kutawaliwa, kudhalilishwa au kuumizwa, akachukua la mwandishi Leopold von Sacher-Masoch, ndo ikazaliwa masokizimu, na mwenye nayo ni masokisti. Mwenyewe alikuwa hai bado, kafa 1895, na hakufurahia jina la ukoo wake kugeuzwa jina la ugonjwa.

Sasa angalia riwaya iliyomponza, Venus im Pelz ya 1870. Mhusika mkuu, Severin, ndiye anayeomba afanywe mtumwa, ndiye anayembembeleza mpenzi wake Wanda mpaka akubali, na mkataba unasainiwa. Sacher-Masoch mwenyewe mwaka 1869 alisaini mkataba kama huo na mwanamke aliyeitwa Fanny Pistor, wa miezi 6, una masharti na una mwisho. Yaani tangu mwanzo kabisa masokizimu ina mtu anayetaka, anayechagua nani na kwa namna gani. Haya niambie, mwanamke anayepigwa ngumi mbele ya watoto alisaini mkataba gani?

Vurugu ilianzia kwa Freud, yule daktari aliyeanzisha tiba ya kuchimba yaliyofichika akilini. Mwaka 1924 akaongeza masokizimu ya kimaadili, ya mtu anayejitafutia adhabu bila kujijua kwa sababu ya hatia iliyomkaa ndani, hakuna ashiki ya wazi hapo, na kuanzia hapo mlango ukawa wazi, kila anayeteseka akaweza kuambiwa kajitakia. Mwaka 1987 Wamarekani wakaweka kwenye kiambatisho cha mwongozo wao wa magonjwa ya akili kitu walichoita haiba ya kujihujumu, mtoto wa wazo lilelile, wakapingwa vikali kwamba wanamlaumu anayepigwa, toleo la 1994 halinacho tena. Na sisi bado tunalirudia!

Watu hawaondoki kwa sababu ya hofu, pesa, watoto, aibu, na kwa sababu wakati wa kuondoka ndo hatari ya kuuawa inapopanda. Hilo analijua kila aliyewahi kuwasikiliza.

Kuhusu masokizimu yenyewe, mwongozo uleule wa Wamarekani, toleo la 2013, unasema si ugonjwa mpaka imletee mtu dhiki au imvurugie maisha. Kwenye karatasi ni safi, ila mtu akija analia hataki tena matamanio yake, mimi mara nyingi nashindwa kutenganisha dhiki inayotoka kwenye matamanio na ile aliyopandikizwa na watu wanaomwita mchafu. Vigezo havinisaidii hapo. Namuuliza kama angeumia hivi hivi iwapo hakuna ambaye angejua, na wengi wananyamaza muda mrefu kabla ya kujibu.